Robo ya Kuanzia

Kibosho, 19 Mei 2024

Dada yangu Clotilda,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Candida anakusalimu sana, na anasema vile vitenge ulivyomtumia Pasaka vimemfanya mke wa mwalimu mkuu asimsalimie tena kanisani. Mvua imetuangushia migomba minne. Ng'ombe kazaa dume, wakati sisi tulishaanza kumwahidi jirani mtamba. Tumesikia redioni kwamba bonde la Jangwani limejaa maji na njia ya Magomeni imefungwa. Naamini maji hayakufika dukani kwako.

Nakuandikia barua kama zamani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo ulijitoa miaka sita iliyopita bila kuaga. Nitampa kondakta wa basi bahasha hii aifikishe kwa Harshad, jirani yako wa duka la viungo. Nimeshamwambia atafute duka linalonuka bizari kuliko yote Mtaa wa Narung'ombe, akasema analijua.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Mama anasahau. Mwanzoni ilikuwa ni mambo ya miwani na funguo, tukacheka naye. Siku hizi anaamka ananiuliza kama nimeshakunywa chai, nimjibu, kisha aulize tena kabla kikombe hakijakauka. Nimekuwa tabibu wa zahanati miaka ishirini na tano, nimewaona wazee wengi wa namna hii, nawe sitakudanganya: majina huanza kuondoka, na yanayoondoka hayarudi. Jina lako bado analo. Kila siku baada ya misa ya redioni anauliza, "Clotilda anakuja lini?" Najibu Desemba. Nimejibu Desemba kwa miaka sita.

Kumpeleka barabarani apande basi hakubali. Tukimtoa kihambani kwake kwenye migomba analia. Kwa hiyo ni wewe wa kuja, Dada. Sikuulizi kwa nini hujaja. Nakuomba uje akiwa bado anakujua.

Mdogo wako,
Polycarp

*

Kariakoo, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Polycarp,

Milele amina, na marahaba. Barua ilifika ikinuka iliki. Maji hayakufika dukani, yaliishia kule kule bondeni, ila wateja wangu wa Malawi walikwama siku tatu gesti wakaniomba niwapikie. Mwambie Candida mke wa mwalimu mkuu asinune, doti nyingine ipo, ya rangi ya zambarau.

Ulivyotaja Narung'ombe umenirudisha mbali. Unajua ghorofa hili ninalouzia limesimama juu ya nyumba ile ile tuliyokulia? Nimepima kwa hatua. Meza yangu ya kukatia vitambaa ipo pale palipokuwa na bomba la uani, ambapo Mama alikuwa akikusugua kwa dodoki huku unapiga kelele mpaka mzee wa Kimanyema wa chumba cha mbele anatoka kuuliza nani anachinjwa. Vyumba sita, familia sita, choo kimoja, na sikumbuki kama tulibanana. Siku hizi kuna lifti na hakuna anayemjua mwenzake.

Nimesoma habari ya Mama. Nimeisoma mara nyingi.

Sikiliza basi. Kisukari changu kimekataa kutulia kwa vidonge, na magoti yangu yanapiga kelele nikipanda ngazi tatu. Mwezi uliopita nilikuwa na kilo mia na kumi na nane, nakwambia wewe tu. Nimekwenda kwa daktari wa sukari, binti mdogo anaitwa Caroline, ningeweza kumzaa, lakini ana macho ya mkaguzi. Ameniandikia sindano ya mara moja kwa wiki. Ni kama kalamu. Unazungusha kitako chake mpaka kwenye namba, unachoma tumboni, kwisha. Inashusha sukari na inakata hamu ya kula. Kwa sababu umeme wetu unajijua wenyewe, naiweka kwenye friji la Harshad, yeye ana jenereta. Kila Jumamosi naenda kuchomea kwenye stoo yake, mkewe Anjana akinishikia pamba.

Sasa cheka. Huyo binti kanipa robo ya miligramu. Wiki nne robo, wiki nne nusu, ndipo tuone kama tunakwenda moja. Nikamuuliza hiyo robo itapunguza kilo ngapi. Akasema haikuwekwa kwa kupunguza, ni ya kulizoeza tumbo. Polycarp, miaka thelathini nauza jumla, sijawahi kuona mtu anauziwa bidhaa ambayo haifanyi kazi ili aizoee ile itakayofanya. Usiniandikie haraka haraka haina baraka, hiyo niliimaliza darasa la pili.

Desemba nashuka ule mteremko kutoka barabarani hadi mlangoni kwa Mama, kwa miguu yangu mwenyewe. Mwambie hivyo.

Dada yako,
Clotilda

*

Kibosho, 23 Juni 2024

Dada Clotilda,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama kituo cha basi, na watu wakaniuliza nimeshinda nini. Nimemwambia Mama. Alipiga makofi.

Kuhusu robo, niachie niseme kidogo kama mtu wa kazi. Dawa hiyo inalichelewesha tumbo kumwaga chakula. Tumbo lisilozoea likipigwa kwa nguvu siku moja linagoma: kichefuchefu, kutapika, maji yanaisha mwilini, figo zinaumia. Ndiyo maana unapandishwa polepole, na ukizidiwa unabaki ulipo, hata miezi. Wala hakuna aibu kubaki kwenye nusu.

Unakumbuka nilipougua surua? Ulikuwa ukinibeba mgongoni uani. Nilipopata nafuu nikalilia ugali, na Mama akanipa uji mwepesi kama maji ya kuoshea mikono. Siku ya tatu akauzidisha kidogo, siku ya tano akaweka maziwa. Nililia wiki nzima nikimwita mchoyo. Mtoto wa chumba cha nne alipewa ugali siku ya kwanza, na unakumbuka alivyorudishwa hospitali. Basi Caroline wako ndiye Mama, na wewe ndiye mimi, vumilia.

Habari nyingine si nzuri, lakini nimeahidi kutokudanganya. Jana Mama aliniita Benedict. Nilidhani anamkumbuka marehemu Baba tu. Akaendelea kuniita hivyo mpaka jioni, akaniuliza biashara ya masufuria inakwendaje na kama nimemwona Polycarp. Nilimwambia nimemwona, yupo.

Tunakusubiri.

Polycarp

*

Kibosho, 4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Watu wa nyumbani wote wazima. Kahawa imeanza kuiva.

Wiki sita sijapata neno lako. Mara ya kwanza nilisema basi limepoteza bahasha. Mara ya pili nilisema mzigo umeingia, una kazi. Juzi nikampigia Harshad. Usimkasirikie, alijaribu kukuficha. Alianza kunieleza bei ya karafuu. Nikamwambia, "Harshad bhai, dada yangu yuko hai?" Akampa simu Anjana.

Anjana amenieleza yote. Kwamba Jumamosi ya tarehe 29 Juni ulizungusha kalamu hadi nusu ukachoma, kisha ukazungusha nusu nyingine ukachoma tena, yeye akiwa ameshika pamba, na alipouliza ukamwambia daktari ndivyo alivyosema. Kwamba Jumatatu walikukuta umepiga magoti nyuma ya meza ya vitambaa, umetapika mpaka huna cha kutapika, midomo imepasuka. Siku nne za dripu. Na wote uliwaambia ni samaki mbovu.

Robo mara nne, Dada! Ulikuwa umechoma mara tatu tu za robo. Nimezika watu kwa kutapika kudogo kuliko huko, na walikuwa vijana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unamficha daktari wako, unamficha ndugu yako, unamficha hata aliyekushikia pamba. Kwa nini?

Sijawahi kukuandikia kwa ukali maisha yangu yote. Nijibu.

Polycarp

*

Kariakoo, 15 Agosti 2024

Polycarp,

Marahaba. Leo ni Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, nimetoka misa, kwa hiyo nitajaribu kusema kweli.

Harshad nimemsusia siku mbili, kisha nikaishiwa iliki nikarudi. Anjana hanisemeshi bado. Nilimdanganya mtu ambaye tumecheza naye rede katika barabara hii tangu ikiwa mchanga, na ananitazama kama ninavyostahili.

Uliuliza kwa nini. Barua yako ya Juni ilifika Ijumaa. Nilipofika pale Mama alipokuita Benedict niliikunja. Nikahesabu: leo jina la Polycarp limeondoka, kesho la kwangu. Na mimi nimekaa huku nazoezwa tumbo. Nilisema moyoni, kama robo ni ya bure na moja ndiyo inayofanya kazi, basi nianze na moja, mwezi na zaidi niwe nimeokoa. Hivyo ndivyo nilivyojenga duka: wenzangu wakichukua robota moja, mimi nachukua manne. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kufika nikamkuta Mama ananiuliza mimi ni nani, na niwe nimechelewa kwa sababu ya wiki nne za robo.

Caroline hakunifokea. Alisoma karatasi za hospitali, akavua miwani, akasikiliza habari ya Mama na mteremko, akaniuliza, "Mama, ungekufa, mteremko huo angeshuka nani?" Nililia pale ofisini kwake kama mtoto. Alinisimamishia sindano mpaka figo zitulie, akazipima tena wiki iliyopita, na Jumamosi hii naanza upya. Robo. Amesema safari hii atanipigia simu kila Jumamosi, na atapiga kweli, binti mkaidi.

Kwa hiyo Desemba sijui nitakuwa na kilo ngapi. Kama magoti yatakataa sitakuja. Na usinitajie kiti. Ukinitajia kiti sitaandika tena.

Clotilda

*

Kibosho, 8 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Candida kafunga mabua ya mahindi kwenye baiskeli akaanguka nayo mtaroni, hakuumia, amecheka siku nzima. Mama anakula vizuri. Wiki hii ameniita Polycarp siku nne kati ya saba.

Mimi sikuwa nimetaja kiti. Ulikitaja wewe, nami nimekaa nacho wiki tatu, na sasa najua kwa nini hukuja miaka sita. Nadhani nilijua zamani, sikutaka tu kujua.

Mwaka 2018, misa ya kumbukumbu ya Baba. Mvua ilikuwa imelowesha mteremko, na vijana wanne wakakubeba kwa kile kiti cha plastiki cha buluu. Ulikuwa umevaa gauni la kitenge cha kijani, mkoba umeukumbatia kifuani, umefumba macho. Mimi nilikuwa chini nimeshika simu. Nilipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la ukoo, nikaandika "Malkia anashuka, andaeni matofali ya kukazia kitanda". Watu hamsini na mbili wakacheka. Niliwahesabu, nilifurahi. Jioni yake ulijitoa kwenye kundi, na asubuhi ukapanda barabarani kabla hatujaamka. Mpaka leo sijui ulipandaje.

Sina la kujitetea. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua, nikamcheka alipobebwa. Nisamehe, Dada. Kama hutaweza, njoo hivyo hivyo umwone Mama, na mimi nitakwenda kulala zahanati siku utakazokuwepo.

Nimeanza kuchonga ngazi kwenye mteremko. Kila mahali pa kuchosha nimechimbia gogo la kukalia. Candida anasema nimechanganyikiwa, kwa nini nisisubiri vijana waje na sururu. Nataka kuzichonga mwenyewe.

Polycarp

*

Kariakoo, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na mikono, maana najua tabibu akishika sururu anachubuka. Hapa joto limeanza. Mzigo wa Krismasi umejaa hadi kwenye ngazi, makuli wanapita na marobota kichwani wakipiga miluzi, na mimi nauza nimekaa.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilifika kwenye habari ya picha nikachana karatasi. Nimesoma ulichoandika. Tusilirudie, na usilale zahanati.

Nipo kwenye nusu sasa, wiki ya tisa. Robo ilipita bila tabu. Nusu ilinisumbua, kichefuchefu kila Jumapili na Jumatatu, na Caroline amekataa kunipandisha kwenye moja mpaka tumbo litulie kabisa. Zamani ningemwona anapoteza muda wangu. Sasa nasema ndiyo, daktari. Nakula kidogo, naacha mafuta, naacha kabla sijashiba. Kilo tisa zimetoka. Sukari ya asubuhi inasomeka kama ya mtu wa heshima. Ngazi za hapa ghorofani napanda mpaka ya pili ndipo napumzika.

Lakini kuna kitu kimoja hakuna aliyeniambia. Nimeikosa njaa. Utacheka: mtu aliyetafuta dawa ya kumwondolea njaa analalamika imeondoka. Jana nilipita Mtaa wa Sikukuu, kuna mama anakaanga vitumbua. Harufu ileile ya iliki na mafuta ya moto, ya asubuhi za Jumapili uani kwetu, Mama akivigeuza kwa njiti na sisi tumepanga mstari na sahani za bati, Anjana wa upande wa pili naye kajipenyeza katikati kama mtoto wa nyumbani. Nilisimama pale nikikumbuka kila kitu, jua, mstari, nani alimsukuma nani. Mate hayakutoka. Nilikuwa naikumbuka nyumba ile kwa kichwa, tumbo halikukumbuka. Nilinunua vitumbua vitano nikampelekea Anjana. Alivila vyote mbele yangu, kisha akasema, "Vya mama yako vilikuwa vizuri kuliko hivi." Tumepatana.

Nakuja. Tarehe 20 Desemba napanda basi, kalamu naiweka kwenye chupa ya barafu. Kilo zitakuwa zile zitakazokuwepo. Nikishindwa mteremko nitakaa kwenye gogo lako mpaka niweze, hata kama ni siku mbili mtaniletea chakula hapo hapo.

Dada yako,
Clotilda

*

Kariakoo, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Polycarp,

Milele amina, na marahaba. Nimefika salama. Ndizi hazikupondeka, ila parachichi zimeiva zote njiani na nimemgawia Harshad na duka zima. Anjana anakushukuru kwa kahawa. Caroline amenipima: sukari imebaki vizuri hata baada ya sikukuu, na tunaendelea na nusu, hana haraka, nami sina.

Nashukuru kwa ngazi. Nilitumia saa nzima na robo kushuka, nikakaa kwenye kila gogo, hata yale ambayo sikuyahitaji, kwa sababu ulikuwa umeyalainisha kwa msasa na nilitaka ujue nimeona.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya bakuli. Siku ile ya kwanza ulinifokea mbele ya Candida, na mpaka naondoka uliniuliza mara mbili kama nimekasirika. Sikukasirika. Kuna jambo lilitokea ulipokwenda zizini, na sikuweza kulisema kwa mdomo.

Mama alikuwa hajanijua. Uliona mwenyewe, alinipa mkono kama mgeni wa parokia, akaniuliza nimetoka mbali. Nilijiambia basi, nimechelewa, angalau nimemwona. Ulipotoka nikakaa kwenye kigoda karibu naye, na lile bakuli la mtori wa ndizi alilonipakulia Candida nikaliweka chini, sikuwa na hamu nalo. Mama akalitazama. Kisha akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akaubinya kama anavyobinya ndizi. Akasema kwa Kichaga, kwa sauti yake ile ya zamani ya ukali:

"Clotilda, mbona umekonda hivi? Umempa tena Polycarp chakula chako?"

Polycarp, habari hii huijui, na nilikusudia uzeeke bila kuijua. Ni mwaka wa foleni za chakula, themanini na tatu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unarefuka, ulikuwa na njaa saa zote. Baba alikuwa amefunga duka, hakuna sufuria la kuuza. Tulikuwa tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, kidogo, mara moja kwa siku. Nilikuwa nangoja Mama ageukie ndoo kuteka maji, nakusogezea matonge yangu, nakwambia nimeshakula kwa akina Anjana. Kwa Anjana nilikuwa sijala kitu. Ulikuwa unaamini na unakula haraka, na mimi nilikuwa nakutazama. Ilikuwa hivyo kwa miezi.

Miaka arobaini na moja nilidhani Mama hakuona. Aliona. Aliona kila siku na akageukia ile ndoo makusudi, maana hakuwa na cha kuongeza kwenye sahani ya yeyote kati yetu, na angesema angelazimika kuchagua. Amesahau jina la Baba, amesahau njia ya kwenda kisimani, na hilo amebaki nalo.

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Leo nakula mwenyewe."

Akasema, "Basi kula nikuone."

Nilikula bakuli lote. Kila kijiko alikisindikiza kwa macho mpaka kinywani. Ndipo ukaingia, ukaona bakuli tupu, ukaanza kufoka kwamba mwenye sindano hali namna hiyo, kwamba nitatapika. Ulikuwa na haki. Nilitapika nyuma ya zizi, lote. Nikanawa uso, nikarudi kukaa karibu naye. Alikuwa bado ananingoja. Akaniuliza kama nimeshiba, nikamwambia nimeshiba.

Dada yako akupendaye,
Clotilda